Dhiyaa na Nuru

Tumezoea kuyafasiri maneno haya mawili ya Kiarabu kwa neno moja, "mwanga". Lakini katika Suratu Yunus, aya ya 5, jua limeitwa dhiyaa na mwezi nuru. Na katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Malik al-Ash'ari (r.a.), Mtume (s.a.w.) ameisifu Swala kwa nuru, na subira kwa dhiyaa.

Ibn Rajab (aliyefariki mwaka 795 H) ameeleza kuwa dhiyaa ni mwanga wenye joto na kuunguza, kama wa jua. Nayo subira ni nzito juu ya nafsi. Basi tunapomliwaza mfiwa, tusimwambie kuwa subira ni nyepesi. Inaunguza, lakini ndiyo imwangaziayo njia. Wallahu a'alam.