Fimbo ya nyumbani, ubabe wa shuleni

Kengele ya mapumziko imelia. Mvulana wa darasa la tano amesimama karibu na vyoo, anawadai wadogo hela zao za maandazi. Asiyetoa anazabwa kofi. Mwalimu akimnasa atamchapa viboko, na wiki haitaisha kabla hajarudia. Huyu amejifunzia wapi kwamba mwenye nguvu ndiye anayepewa?

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Bergen, Norway, alilifuatilia swali hili hadi majumbani. Mwaka 1980 alichapisha utafiti kuhusu wavulana wakorofi, akataja mambo manne: mama asiyemwonyesha mtoto upendo, mama anayefumbia macho ukorofi wake, adhabu za vipigo na vitisho, na hulka ya mtoto mwenyewe. Katika manne hayo, matatu yamo mikononi mwa wazazi.

Kwetu hali inatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania, na asilimia 95 walisema wamewahi kupigwa na mzazi au mlezi. Kadiri adhabu ilivyokuwa kali, ndivyo ugomvi na utovu wa nidhamu vilivyozidi. Kweli, huenda mtoto mtundu ndiye anayechapwa zaidi, na mahojiano ya mara moja hayawezi kuamua kipi kilitangulia. Lakini kama fimbo ingekuwa dawa, waliochapwa sana wangekuwa ndio watulivu.

Wanaoonewa nao wana historia nyumbani. Mwaka 2013 Suzet Lereya, Muthanna Samara na Dieter Wolke walikusanya tafiti 70 zilizohusisha watoto zaidi ya 200,000. Malezi ya ukali yaliwaponza hasa wale wanaoonewa kisha nao wakawaonea wenzao. Lililonishtua ni jingine: kumkinga mtoto kupita kiasi nako kulienda pamoja na kuonewa. Mama anayekimbilia kumwamulia mwanawe kila ugomvi wa gololi anamnyima nafasi ya kujifunza kusema “sitaki” kwa sauti inayosikika.

Halafu kuna lile agizo letu: “Ukirudi hapa unalia, nakuongeza!” Mtoto aliyeambiwa hivyo anafuta machozi njiani, anafika nyumbani kimya, na mzazi anaamini shule ni shwari. Uonevu unaweza kuendelea muhula mzima. Heri angeulizwa kila jioni alicheza na nani, nani alikaa peke yake, na hela ya maandazi aliinunulia nini.