Vikombe Vinane vya Chai na Hisabu ya Nasibu

Wanafunzi wa elimu ya jamii, elimu ya nafsi na malezi, ambao aghalabu walizichagua elimu hizo wakidhani kuwa wamekwisha agana na hisabati, hukutana na somo la takwimu chuoni kama msafiri akutanaye na mdai wake bandarini. Huandikiwa ubaoni kanuni zenye herufi za Kiyunani, huonyeshwa programu ya kompyuta iitwayo SPSS, iliyotungwa mwaka 1968 mahususi kwa ajili ya sayansi za jamii, kisha huambiwa kwamba tarakimu fulani ikishuka chini ya 0.05 utafiti umefaulu. Hapo ndipo wengi wanapopotea, si kwa uzito wa hesabu, bali kwa kuwa hawakuelezwa tarakimu ile inajibu swali gani. Nami nashikilia kwamba swali hilo laweza kufahamika kwa mtu ajuaye kuzidisha na kugawanya tu, maadamu akubali kukaa nalo kwa kituo.

Katika miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini ya London, alifanya kazi mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher. Yasimuliwa kwamba alasiri moja alimkaribisha chai Bibi Muriel Bristol, mtaalamu wa mimea ya jamii ya mwani, naye bibi akaikataa kwa kuwa maziwa yametiwa baada ya chai, ilhali yeye huipenda iliyotanguliwa na maziwa, na ladha za namna hizo mbili huzitambua kwa ulimi. Fisher hakusadiki. Mwenzao, William Roach, akashauri bibi ajaribiwe (Roach huyo baadaye alimwoa bibi, basi huenda hakuwa shahidi wa kutegemewa sana). Mwaka 1935, katika kitabu chake juu ya upangaji wa majaribio, Fisher alilifanya jambo hilo kuwa mfano wa kufundishia, bila kumtaja bibi kwa jina wala kueleza alishinda au alishindwa.

Jaribio lenyewe ni hili. Vikombe vinane hutayarishwa, vinne vikitanguliwa na maziwa na vinne vikitanguliwa na chai, kisha hupelekwa kwa bibi kwa mpango uliopatikana kwa kura; naye, akijua kuwa ni vinne kwa vinne, huonja vyote na kuvitenga vinne anavyodhani vilitanguliwa na maziwa. Sasa tuchukulie, kwa muda, kwamba hajui lolote, anabahatisha tu. Kikombe cha kwanza aweza kukichagua kwa njia 8, cha pili kwa njia 7, cha tatu 6, cha nne 5. Zidisha, upate 1,680. Lakini vikombe vinne vile vile vyaweza kuokotwa kwa mifuatano 24, na mfuatano hautuhusu. Gawanya, upate 70. Katika makundi hayo 70, moja tu ndilo sahihi kabisa. Basi mbahatishaji atapata vyote vinne kwa nasibu ya 1 katika 70, yaani kama 0.014, na tarakimu hiyo ndiyo ile ile ambayo kompyuta humtolea mwanafunzi pasipo maelezo.

Je, akipata vitatu na kukosa kimoja? Msikilizaji mwepesi atampigia makofi, kwani vitatu katika vinne si haba. Tuhesabu. Vitatu vya kweli vyaweza kuchaguliwa katika vinne kwa njia 4, na kile kimoja cha makosa kwa njia 4 nyingine, jumla 16. Ongeza ile moja ya ukamilifu, zimekuwa 17 katika 70, karibu robo. Mtu asiyejua kitu angefanikiwa kiasi hicho au zaidi takriban mara moja katika kila mara nne, na ushahidi wa namna hiyo haumwondolei mtu shaka. Yule aliyezihesabu njia hizi kwa mkono wake mara moja ameupata moyo wa somo zima, na majaribio mengine atakayofundishwa, kwa majina yake yote, huuliza jambo lile lile: kama ni nasibu tupu, matokeo haya au yaliyo makubwa kuliko haya yangetokea mara ngapi?

Kura ile si mapambo. Vikombe haviwezi kulingana kwa kila hali, moto wake, ujazo wake, unene wa udongo wake; kura ndiyo inayozuia tofauti hizo zisiambatane na jambo linalochunguzwa. Na hapa mtafiti wa jamii ana mashaka kuliko Fisher, kwani hawezi kupiga kura nani azaliwe fukara na nani azaliwe tajiri. Akilinganisha watoto wanaopata chakula shuleni na wasiopata, nasibu aweza kuikadiria, lakini tofauti za shule, wazazi na mitaa zingali zimo ndani ya kikombe.

Kosa lililoenea zaidi ni kuligeuza swali. Mtu huona 0.014 akanena kwamba uwezekano wa bibi kuwa mbahatishaji ni 0.014. Sivyo. Takriban manahodha wote wa majahazi ni wanaume, walakini wanaume walio manahodha ni wachache mno. Hesabu moja haigeuki kuwa nyingine kwa kupinduliwa. Kosa hili limewakumba hata maprofesa, hata Chama cha Takwimu cha Marekani kikalazimika kutoa tamko mwaka 2016 kukumbusha maana ya tarakimu hiyo. Wala 0.05 haikushuka kutoka mbinguni. Ni desturi iliyofaa na ikashika.

Mwaka mmoja kabla ya tamko hilo, kundi kubwa la watafiti lilichapa matokeo ya kurudia tafiti 100 za elimu ya nafsi: katika za asili, 97 katika kila mia zilikuwa zimevuka kizingiti kile, ziliporudiwa, 36 tu. Sababu hazikuwa moja, ila mbili zilisemwa sana, nazo ni majarida kupendelea habari za ushindi, na watafiti kuridhika na watu wachache.

Juu ya uchache huo vikombe vina la kusema. Bibi mwenye ulimi mzuri lakini asiye mkamilifu, akikosea kimoja katika jaribio la vinane, huhesabiwa pamoja na wabahatishaji. Mpe vikombe 12, sita kwa sita: makundi sasa ni 924, na njia za kupata sita zote au kukosa kimoja tu ni 37, yaani 0.04. Kosa lile lile moja limesameheka, na ujuzi wake umeonekana. Hesabu hii hufanywa kabla ya maji kuchemka, na kwa mtafiti wa jamii, kabla ya dodoso la kwanza kuchapwa.