Kuweka Hesabu Winguni: Tuliyoyaona Mchafukoge

Tangu mkutano uliopita wanachama wengi wametuuliza ni jambo gani hili la "wingu" ambalo vijana wao hulitaja kila wakishika simu, na kama lina faida yoyote kwa mtu mwenye mikarafuu. Wengine walicheka, wakasema mkulima wa karafuu hana haja ya wingu la namna yoyote wakati wa kuanika. Lakini swali ni la haki. Na kwa kuwa wawili katika Halmashauri tulikuwa na safari ya Dar es Salaam kununua magunia na maturubai, tuliona yafaa kulitazama jambo hili kwa watu wanaolitumia katika kazi yao, kisha tulieleze hapa kwa maneno mepesi.

Kwanza na tuseme kwa nini limetushughulisha. Kila aijuaye ofisi yetu analikumbuka daftari la mikopo lililoliwa na mchwa. Lilikuwa kabatini, kabati limefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao Mshika Fedha. Mchwa hawakuuliza ufunguo. Kurasa zilizopotea zilikuwa na hesabu za wanachama waliochukua fedha za kuchumia. Hata leo wako watu wawili, majirani wa mtaa mmoja, ambao hawatembeleani tena kwa sababu mmoja asema alikwisha kulipa, na mwenziwe aliyemdhamini asema hakulipa. Chama hakina karatasi ya kuwaonyesha. Hatukuweza kumpa haki yake huyu wala yule, na jambo hili lingali linatuuma.

Basi tulipanda boti Mkoani, tukalala Unguja, na siku ya pili tukafika Dar es Salaam. Mchafukoge ni kata ya katikati ya mji, baina ya upande wa bandarini na Kariakoo. Mtu aliyeshuka botini aweza kuifikia kwa miguu asipokuwa na mzigo mzito, na akivuka Mnazi Mmoja amekwisha kuingia Kariakoo. Wenye mzaha husema jina lake ni amri aliyopewa mtu mchafu kwamba akoge. Sisi hatukuona uchafu zaidi ya ule wa mji wowote wenye biashara. Tulichoona ni maduka yaliyobanana, ghorofa juu ya ghorofa, na wachukuzi wanaopita na mikokoteni wakipiga kelele watu wawapishe.

Mzee mmoja mwenye duka la magunia alitukaribisha tukae. Tulikuwa tumenunua kwake misimu miwili nyuma, na stakabadhi zetu tulizisahau nyumbani. Tulimwuliza, kwa kubahatisha tu, kama akumbuka bei aliyotupa mara ile. Hakufungua kabati. Alitoa simu mfukoni, akaandika jina la Chama, na mara hesabu yetu ikatokea: tarehe, idadi ya magunia, bei, na hata ile salio tuliyoilipa wiki mbili baadaye.

"Na simu hii ikiibiwa, Mzee?" tulimwuliza.

"Ikiibiwa nitasikitikia simu, mabwana," alijibu. "Daftari halimo ndani yake. Mwanangu ana simu yake, na karani ana yake, na wote twasoma daftari hilo moja."

Alitueleza pia lililomfanya aiache njia ya zamani. Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo kubwa lililochorwa na Bwana Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Shemeji yake alikuwa na biashara humo. Mali iliyoungua ilijulikana, lakini madeni yaliyoungua pamoja na daftari hayakujulikana na mtu isipokuwa wadaiwa wenyewe. Baadhi yao walikuja kulipa kwa hiari, Mungu awazidishie. Wengine walibadili njia ya kupita. Na mwaka 2024, tarehe 16 Novemba, ghorofa moja liliporomoka huko huko Kariakoo na watu wakapoteza maisha. Mbele ya msiba kama ule karatasi si kitu, lakini aliyeokoka bado alikuwa na watoto wa kulisha na wateja wa kudai.

Sasa tulieleze hilo wingu. Halipo angani, na jina lake limepoteza watu wengi. Mwanachama aliye na fedha katika simu yake, kwa njia kama M-Pesa iliyoanza Tanzania mwaka 2008, amekwisha kulitumia jambo la namna hii bila ya kuliita kwa jina hilo. Simu ikitumbukia kisimani fedha hazizami. Waenda kwa kampuni ukiwa na kitambulisho, wapewa laini mpya yenye namba ile ile, na fedha zako wazikuta palepale, kwa sababu hazikuwamo katika simu; zimeandikwa katika mitambo ya kampuni, na simu ni dirisha la kutazamia. Basi kuweka hesabu winguni ni vivyo hivyo. Badala ya kampuni kukuwekea hesabu ya fedha, yakuwekea barua zako, picha zako na daftari lako.

Mitambo hiyo imo katika majumba makubwa yenye ulinzi, umeme wa akiba na baridi ya kupoza mashine. Tanzania tunacho Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data huko Kijitonyama, Dar es Salaam. Kampuni za nje zina majumba yao pengi duniani, na baadhi ziko Afrika ya Kusini: Microsoft tangu 2019, na Amazon mjini Cape Town tangu 2020. Aghalabu kitu kimoja huandikwa katika jumba zaidi ya moja, ili moja likipatwa na ajali jingine liwe nacho. Jambo hili ndilo lililotupendeza kuliko yote, kwani mchwa wetu wangehitaji nauli.

Kazi hii si ngeni hata kwa serikali. Wafanyabiashara wa Bara wana mashine za risiti zilizoanza kutumika mwaka 2010, na kila risiti inayotoka dukani hupeleka habari zake kwa Mamlaka ya Mapato. Wako waliozichukia mashine hizo, na sababu zao wenyewe wazijua.

Lakini wingu lina njia yake ya kufikiwa, na njia hiyo ni waya. Sisi wa visiwani si wageni wa waya za chini ya bahari. Waya wa simu ya maandishi kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Waya wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mwingine uitwao EASSy ulifuata mwaka 2010. Waya ni kitu kinachoweza kukatika. Wenzetu wa Unguja walikaa bila ya umeme wa gridi tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 ulipoharibika waya ulioleta umeme kutoka Bara, na sisi Pemba umeme wetu tangu 2010 hutoka Tanga kwa njia ya baharini vilevile. Kadhalika intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 waya za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu na Tanzania nzima ikahangaika. Na mwaka 2025, kuanzia siku ya uchaguzi tarehe 29 Oktoba, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo mwenye daftari la winguni peke yake ni sawa na asiye na daftari.

Kwa hivyo rai ya Halmashauri ni kwamba daftari la karatasi libaki. Karani ataandika kwa kalamu kama kawaida, na jioni atapiga picha kila ukurasa na kuipeleka winguni. Mchwa wakila karatasi, picha ipo. Waya ukikatika, karatasi ipo. Google humpa kila mtu nafasi ya giga 15 bila ya malipo. Picha ya ukurasa mmoja aghalabu ni mega tatu hivi, basi nafasi hiyo yatosha kurasa kama 5,000, ikiwa hukuijaza kwa barua nyingine na picha za harusi. Kila picha ipewe jina lenye tarehe na namba ya mwanachama. Tumeona ofisi zilizorundika picha elfu zisizo na majina, na kutafuta kitu humo ni kazi kuliko kuchambua karafuu zilizochanganyika na makonyo usiku.

Mwanachama naye nyumbani afanye vivyo hivyo. Stakabadhi ya Shirika la ZSTC, yenye uzito na daraja la karafuu zako, ipige picha kabla hujaondoka kituoni, maana karatasi ile huloa jasho mfukoni na maandishi hufifia. Mkataba wa kukodisha mikarafuu, pamoja na idadi ya miti na majina ya mashahidi, upige picha siku ile ile ulipotiwa saini. Daftari la wachumaji, fulani pishi ngapi, fulani pishi ngapi, nalo pia. Mama mmoja mwanachama wetu hufanya hivi tangu msimu uliopita, na asema ugomvi wa jioni wa kulipana umepungua nusu, kwani kila mchumaji hutazama picha mwenyewe.

Neno la siri la Chama lisikae kichwani mwa mtu mmoja. Mtu husafiri, huugua, hufa. Liandikwe, litiwe katika bahasha mbili zenye lakiri, moja kwa Mwandishi na moja kwa Mshika Fedha. Wala lisiwe mwaka wa kuzaliwa wa Mwenyekiti, ambao mji mzima waujua. Tena madeni ya wanachama yasitiwe katika kundi la WhatsApp kwa sababu yoyote. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, kumwaibisha mtu mbele ya wakweze si kazi ya Chama.

Limebaki jambo la mtiririko, yaani kusikiliza au kutazama kitu kinapokuja, bila ya kukiweka katika simu. Kuteka maji mtungini ndiko kupakua: wachota mara moja, wanywa wakati upendao. Mtiririko ni kukinga mdomo mferejini: wanywa yanapotoka, na mfereji ukikauka nawe umekwisha kunywa. Vijana Mchafukoge hutazama mpira kwa njia hii huku wakiuza, na mteja husubiri mpaka kona ipigwe. Sisi twauona ufaa wake mahali pengine. Mkutano mkuu wa Chama waweza kurushwa moja kwa moja, na mwanachama aliyeko Muscat au Dar es Salaam akasikia hesabu zikisomwa, wala asitegemee kuhadithiwa na shemeji. Mnunuzi wa magunia aweza kuonyeshwa kushona kwake kwa picha ya simu kabla ya kulipa nauli ya boti; mzee yule wa duka huagiza mali kutoka China kwa mtindo huu. Habari za hali ya hewa nazo twazipata mapema, na mwenye karafuu mkekani zinazotaka siku nne au tano za jua ajua thamani ya kuarifiwa mvua ya kesho.

Gharama yake itazamwe. Saa moja ya sauti peke yake, kama redio, hula kadiri ya mega 60. Saa moja ya picha zinazotembea huweza kufika giga nzima, yaani bando la sauti ya saa 16 kwa picha ya saa moja. Kwa hivyo mkutano wetu ujao utarushwa kwa sauti tu. Sura za Halmashauri wanachama wamekwisha kuziona.

Kazi ya kupiga picha madaftari ya zamani imeanza kwa yale yaliyosalimika. Mwanachama yeyote mwenye stakabadhi, barua au mkataba wa miaka ile ambayo kurasa zake ziliharibika, hata kama karatasi imechanika, twamwomba ailete ofisini asubuhi ya siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Itapigwa picha mbele yake bila ya malipo, na atarudi nayo nyumbani. Wale majirani wawili nao tumewaita, kila mmoja kwa siku yake, waje na walichonacho.