Muhogo mchungu: uandae vizuri usidhuru familia yako

Kwa familia nyingi, wakimbizi na wenyeji, muhogo ni chakula cha kila siku. Tunasonga ugali wake, tunauchemsha, na majani yake tunapika sombe, ambayo wengine wanaiita kisamvu. Ukiandaliwa vizuri hauna shida. Ukiandaliwa haraka haraka, unaweza kuua.

Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na 2 kati yao wakafariki dunia baada ya kula ugali wa muhogo. Miongoni mwa waliougua walikuwemo waliokula msibani.

Sumu inatoka wapi?

Muhogo una sumu ya asili inayoitwa sianidi. Muhogo mchungu unayo nyingi kuliko muhogo mtamu, na ukame huiongeza. Hatari huwa kubwa wakati wa njaa, kwa sababu watu hupunguza siku za kuloweka ili wapate kula mapema. Kama hujui mbegu uliyopewa au uliyonunua ni ya aina gani, ihesabu kuwa ni chungu.

Fanya hivi

1. Menya ganda lote. Muhogo mtamu unaweza kuuchemsha baada ya kuumenya. Usiule mbichi.
2. Muhogo mchungu uloweke kwenye maji siku 3 au zaidi, hadi ulainike.
3. Mwaga maji hayo mahali ambapo watoto na mifugo hawayafikii.
4. Anika juani hadi ukauke kabisa, kisha twanga au saga.
5. Majani ya sombe yatwange vizuri, kisha yachemshe kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ili sumu itoke na mvuke.

Umenunua unga sokoni na hujui ulivyoandaliwa? Changanya na maji, utandaze uwe mwembamba usiozidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo.

Dalili za hatari

Zinaweza kuanza saa chache tu baada ya kula: kichwa kuuma, kizunguzungu, tumbo kuuma, kutapika, kuhara na kupumua kwa shida. Mtoto huathirika upesi zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo. Usisubiri wala usijaribu dawa za nyumbani. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja, mweleze mhudumu alichokula, na ubebe unga uliobaki. Wengine waliokula chungu kimoja naye waende pia, hata kama bado hawajisikii vibaya.

Kuna pia ugonjwa wa konzo, unaojulikana Kongo tangu miaka ya 1930. Huwapata wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi bila mboga yenye protini. Miguu hupooza ghafla, na haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Ndiyo maana ugali wa muhogo uende na maharage, dagaa au mayai kila inapowezekana, hata kidogo.

Mwambie jirani yako pia, hasa aliyefika karibuni na asiyejua mbegu za hapa. Siku tatu za kuloweka ni ndefu mtu akiwa na njaa, lakini zinaokoa maisha.