Kizunguzungu: Kwa Nini Mzee Huanguka Usiku Tu?

Kamati za parokia zinapotembelea wazee wa vijiji vya Ufipa, malalamiko ya kizunguzungu hayakosekani. Anayeyumba njiani huitwa mlevi. Asiyekunywa pombe husemwa amerogwa. Na huku wenyeji wengi hulieleza jina lenyewe la Sumbawanga kuwa ni "tupa uchawi"! Tumeona tueleze jinsi mwili unavyojishikilia wima.

Ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu. Macho huona mazingira. Nyayo, misuli na viungo huhisi ardhi. Na ndani kabisa ya kila sikio ipo mirija mitatu ya nusu duara yenye majimaji; kichwa kikigeuka, majimaji hayo husukuma vinyweleo vidogo mno na ubongo hupata taarifa. Mama anayepanda mlima na ndoo kichwani bila kuishika hutegemea vyote vitatu.

Kimoja kikiharibika, viwili hubeba mzigo wake. Ndiyo maana mtu ambaye sehemu hiyo ya sikio imeharibika huweza kutembea vizuri mchana. Usiku bila taa macho hayamsaidii, na kwenye matuta ya shamba miguu haina uhakika. Hapo huanguka, naye hajaonja hata tone.

Uzee huchangia, na usaha wa sikio usiotibiwa pia. Dawa nazo zimo: sindano za streptomaisini, zilizotibu kifua kikuu kwa miaka mingi, ziliwaacha baadhi ya waliopona wakiyumba maisha yao yote.

Ipo aina nyingine, ambayo dunia huzunguka mtu anapojigeuza kitandani, kisha hutulia kabla ya dakika moja kuisha. Vijiwe vidogo vya chokaa vilivyomo sikioni vimehama na kuingia mirijani. Mhudumu aliyefundishwa humlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa hatua hadi virudi. Daktari John Epley wa Marekani aliandika juu ya utaratibu huo mwaka 1992. Wafadhili hutuuliza vifaa vinavyohitajika: ni kitanda tu, na mafunzo ya mhudumu.

Kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kupinda, ulimi mzito au mkono kulegea huweza kuwa kiharusi. Mgonjwa apelekwe mara moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga. Wengine wapimwe shinikizo la damu na upungufu wa damu katika zahanati iliyo karibu.

Kamati zikifika nyumbani kwa mzee, tunaomba zitazame kwanza njia ya kwenda chooni: mashimo yafukiwe, na taa na fimbo viwe karibu na kitanda.