Kununua Simu Iliyotumika: IMEI Halali Si Uthibitisho wa Umiliki

Simu iliyokwisha kutumika ni bidhaa ya kawaida katika masoko yetu. Mwanafunzi wa chuo, dereva wa bodaboda, mama lishe na mtumishi wa umma, wote huinunua, kwa kuwa simu mpya ya kiwango hichohicho iko juu ya uwezo wao. Biashara hiyo ni halali. Makala haya hayakusudii kumkatisha tamaa mnunuzi, wala kumtia doa mfanyabiashara wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anayeuza simu zilizotumika akiwa na leseni na kutoa risiti. Yanakusudia kusahihisha dhana moja iliyoenea miongoni mwa wanunuzi, nayo ni kwamba simu ikishahakikiwa kwa namba ya IMEI na kuonekana kuwa halali, basi mnunuzi yuko salama.

Dhana hiyo ina historia yake. Katika kipindi cha kuelekea Juni 2016, simu bandia zilipozimwa katika mitandao ya Tanzania, wananchi walielimishwa kubonyeza *#06# ili kuona IMEI ya simu, kisha kuituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu hutaja aina na modeli ya kifaa. Elimu hiyo ilipokelewa vizuri na hadi leo watu wengi huikumbuka. Hata hivyo, ilikuwa elimu ya kutambua simu bandia. Simu ya wizi, mara nyingi, si bandia. Mwizi huchagua simu nzuri.

IMEI ni namba ya utambulisho wa kifaa yenye tarakimu 15. Nane za mwanzo huonyesha aina na modeli, sita zinazofuata hukitofautisha kifaa hicho na vingine vya modeli hiyohiyo, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 14 zilizotangulia ili kubaini namba iliyokosewa. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Hakuna tarakimu yoyote kati ya hizo inayotaja jina la mwenye simu. Kwa hiyo ujumbe wa 15090 hujibu swali la "hiki ni kifaa gani?" na haukuandaliwa kujibu swali la "hiki ni cha nani?"

Ni kweli kwamba ipo rajisi kuu ya namba tambulishi za vifaa vya mawasiliano, na kwamba simu iliyoripotiwa kuibwa hufungiwa ili isitumike katika mtandao wowote nchini. Lakini kufungiwa huko huanza na taarifa ya mwenye mali. Chukulia abiria aliyeibiwa simu katika daladala saa mbili asubuhi. Atahitaji kufika kituo cha polisi, kupata namba ya RB, kisha kwenda kwa mtoa huduma wake akiwa na IMEI ya simu iliyoibwa. Ikiwa boksi la simu lilikwisha kutupwa na IMEI hakuiandika popote, zoezi hilo laweza kuchukua siku kadhaa. Mwizi hahitaji siku kadhaa. Saa sita mchana simu hiyo yaweza kuwa mkononi mwa mnunuzi kando ya kituo cha mabasi, ikahakikiwa, ikaleta jibu safi kabisa, na fedha zikatolewa. Wiki mbili baadaye simu inapoteza mtandao ghafla, kwa laini zote, na muuzaji hapatikani tena.

Hasara ya fedha ndiyo hasara ndogo.

Simu inapowashwa na kuwekewa laini, mtandao hutambua mambo mawili kwa pamoja: IMEI ya kifaa na namba ya laini iliyomo. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na Namba ya Utambulisho wa Taifa. Polisi wanapofuatilia simu iliyoibwa, mtu wa kwanza kuonekana ni yule anayeitumia. Aliyeipora hakuweka laini yake humo. Uliyeweka laini yako ni wewe. Ndiyo maana mnunuzi aliyelipa kwa nia njema hujikuta akiitwa kituoni kueleza alivyoipata simu, huku akikumbuka tu kwamba muuzaji alikuwa "kijana mmoja mrefu, amevaa kofia".

Sheria nayo haimpi mnunuzi kinga anayoidhania. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kanuni ya msingi ni kwamba anayenunua kwa mtu asiye mmiliki, wala asiyeidhinishwa na mmiliki, hapati haki zaidi ya ile aliyokuwa nayo muuzaji. Mwizi hana haki juu ya simu, kwa hiyo hana cha kukuuzia. Simu itarudishwa kwa mwenyewe hata kama uliilipia bei kamili. Kinachobaki kwako ni haki ya kudai fedha zako kwa aliyekuuzia, haki ambayo haina thamani yoyote ikiwa humjui. Kwa upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba iliibwa. Maneno "sababu ya kuamini" yanastahili kusomwa mara mbili. Simu inayouzwa madukani kwa shilingi 600,000, ukiuziwa kwa 150,000 gizani, bila boksi wala chaja, na muuzaji akikuharakisha, si rahisi baadaye kueleza kwamba hukuwa na sababu ya kutilia shaka.

Muuzaji athibitishe umiliki

Kwa kuwa IMEI haitaji mwenye mali, uthibitisho wa umiliki lazima utoke kwa muuzaji mwenyewe. Njia iliyo bora kuliko zote haihitaji karatasi wala ada: ni akaunti iliyomo ndani ya simu.

Simu nyingi za Android hufungamana na akaunti ya Google ya mwenye simu, na simu za iPhone hufungamana na akaunti ya Apple. Simu ikifutwa kwa nguvu bila mwenyewe kuondoa akaunti yake, ikiwashwa upya huomba nywila ya akaunti ileile ya awali au namba ya siri ya zamani. Kinga hiyo iliwekwa makusudi ili simu ya wizi isiwe na faida. Mnunuzi anaweza kuitumia kama kipimo. Mwombe muuzaji afungue simu kwa namba yake ya siri mbele yako, aingie katika Mipangilio, aondoe akaunti yake, na ikiwa ni iPhone azime pia huduma ya kuitafuta simu iliyopotea. Kisha airejeshe simu katika hali ya kiwandani hapohapo, iwashwe upya, na wewe uingize akaunti yako mwenyewe. Mwenye mali hulifanya hilo kwa dakika chache. Asiye mwenye mali huanza kutoa maelezo: simu ilikuwa ya dada yake aliyesafiri, namba ya siri ameisahau, fundi wa jirani ataifungua kwa elfu kumi.

Maelezo hayo mengine yaweza kuwa ya kweli. Watu husahau nywila, na ndugu hupeana simu. Lakini ikiwa dada yupo, apigiwe simu atoe nywila au afike mwenyewe. Mnunuzi hana wajibu wa kubeba mashaka yanayoweza kuondolewa kwa kumpigia mtu simu. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine isinunuliwe, hata kwa bei ya vipuri.

Jihadhari zaidi na anayekuambia kwamba simu "imeshasafishwa" na fundi. Kuondoa akaunti kwa njia za mzunguko, au kubadili IMEI, si huduma ya kawaida ya ukarabati. Kubadili namba tambulishi ya kifaa ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hapa ndipo *#06# na 15090 zinapokuwa na msaada mkubwa, maana namba iliyobadilishwa mara nyingi hujifichua kwa kutolingana. Linganisha IMEI inayoonekana kwenye kioo na ile iliyobandikwa kwenye boksi, iliyoandikwa kwenye risiti ya awali, na katika baadhi ya simu iliyochorwa kwenye kitako cha laini au chini ya betri. Kisha linganisha modeli iliyotajwa katika jibu la 15090 na simu uliyoishika. Zikipishana, rudisha simu. Zikilingana, umefahamu kwamba kifaa hakijachezewa kwa namna inayoonekana, na hapo ndipo swali la umiliki linaanza.

Lipo pia kundi la simu ambazo hazikuibwa mfukoni mwa mtu, lakini muuzaji hana haki kamili ya kuziuza. Hizi ni simu za mkopo, zinazolipiwa kidogokidogo kwa siku, wiki au mwezi. Mkopaji aliyeshindwa kulipa huiuza simu kwa bei nafuu, na mnunuzi huona simu mpya, yenye boksi na IMEI zinazolingana. Baada ya siku chache kioo hufungwa na ujumbe wa kudai marejesho hutokea. Programu ya mkopeshaji hukaa ndani ya simu na inaweza kuonekana katika orodha ya programu au katika sehemu ya wasimamizi wa kifaa ndani ya Mipangilio. Muulize muuzaji waziwazi iwapo simu ilichukuliwa kwa mkopo. Akikubali, mwambie akuonyeshe uthibitisho wa kumaliza deni kutoka kwa mkopeshaji kabla hujalipa chochote.

Mahali, malipo na maandishi

Nunua dukani penye anwani ya kudumu inapowezekana, na udai risiti ya EFD. Ukinunua kwa mtu binafsi, hasa mliyekutana kupitia tangazo la mtandaoni, kutaneni mchana, mahali penye watu, ikiwezekana mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa au ndani ya duka la mtoa huduma. Muuzaji asiyetaka kufika maeneo hayo amekwisha kukujibu.

Lipa kwa pesa mtandao au benki badala ya noti. Kabla ya kuthibitisha muamala, jina la mpokeaji huonekana kwenye simu yako. Lilinganishe na kitambulisho cha muuzaji. Muamala huo hubaki kuwa kumbukumbu yenye jina, tarehe na kiasi. Muuzaji akitaka fedha ziende kwa namba yenye jina jingine, mwombe sababu, na sababu isiporidhisha, acha.

Mwisho andikeni hati fupi ya mauziano. Wengi huona aibu kumwomba mtu hati kwa simu ya laki mbili, kana kwamba ni kiwanja. Hati hiyo haihitaji wakili. Itosheleze majina ya pande zote mbili, namba zao za simu, namba ya kitambulisho cha muuzaji, aina ya simu na IMEI zote, bei, tarehe, saini, na shahidi mmoja anayefahamika. Omba pia risiti ya awali ya muuzaji ikiwa bado anayo. Ukiitwa kituoni baada ya miezi sita, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulinunua kwa uwazi, na itawapeleka polisi kwa mtu mwenye jina.

Ukishaigundua shaka baada ya kununua

Huenda unasoma makala haya ukiwa tayari na simu yenye mashaka: jina la mtu mwingine linaibuka katika akaunti, picha za familia usiyoijua zimebaki kwenye kumbukumbu, au mtu amepiga akidai simu ni yake. Usiiuze kwa mwingine ili kurudisha fedha zako. Ukishafahamu kasoro hiyo, unaiuza ukijua, na wewe sasa ndiye muuzaji anayetafutwa. Usiipeleke kwa fundi ifutwe. Usikutane peke yako na anayedai kuwa ni mwenyewe, kwani naye yaweza kuwa tapeli. Mwombe mkutane kituo cha polisi, akiwa na boksi au risiti yenye IMEI. Peleka simu kituoni pamoja na hati ya mauziano, kumbukumbu ya malipo na mawasiliano yote uliyofanya na muuzaji, na uombe kumbukumbu ya maandishi ya kuikabidhi. Anayejitokeza mwenyewe na vielelezo vyake husikilizwa tofauti na anayefuatwa nyumbani.

Na kwa simu unayoimiliki kihalali leo, bonyeza *#06#, andika namba zote mbili kwenye daftari au karatasi inayokaa nyumbani, wala usizihifadhi ndani ya simu hiyohiyo. Ikiibwa, zipeleke polisi na kwa mtoa huduma wako siku hiyohiyo, ili simu ifungiwe kabla mtu mwingine hajaombwa kuinunua.