UFITO WA KUVULIA NDANI YA GARI

Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba ina kona 57. Ndiyo maana watu huiita Hamsini na Saba. Kila kona humsukuma abiria upande. Mizigo nayo huhama. Je, ufito wako wa kuvulia samaki utauweka wapi?

Ufito ni mwepesi, lakini ni mrefu. Ncha yake yaweza kuchoma jicho la mtoto. Ndoana ni hatari zaidi, kwa sababu ina kijino. Ikizama mwilini, ukiivuta hurarua nyama.

Kabla ya kupanda gari, fanya hivi:

1. Fungua ndoana zote. Zitie katika kopo lenye mfuniko.

2. Zungusha mshipi wote, usining'inie.

3. Kama ufito ni wa vipande, vitenganishe. Vifunge pamoja. Funika ncha kwa kitambaa.

4. Ulaze sakafuni, kando. Sehemu nene ielekee mbele, ncha ielekee nyuma. Uubane kwa mizigo usiteleze.

5. Ufito usioenea ndani ufunge juu ya keria, mahali pawili au patatu. Usiutoe dirishani. Usizibe njia ya abiria, wala usiuweke karibu na dereva.

Ndoana ikimchoma mtu, usiivute. Mpeleke kituo cha afya. Huko ataitolewa, na ataangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Ikiwa ni jicho, usiliguse wala usilisugue. Mwahishe hospitali.

Kufunga ufito ni kazi ya dakika chache. Jicho likipotea, halirudi.